Divai Iliyolala Chini ya Kitanda

Chumba cha wazazi wangu kilinuka samaki wakavu na sabuni ya unga, lakini ukipiga magoti karibu na kitanda ulikutana na harufu nyingine, ya vizibo na karatasi iliyowahi kulowa. Tulikaa ghorofa ya tano, si mbali na soko la Warwick mjini Durban, ambako mama aliuza samaki na unga wa muhogo. Chini ya kitanda kile kulikuwa na masanduku mawili tuliyokuja nayo kutoka Kongo. Hayakuwa na nguo tena. Mle ndani zililala chupa ishirini na nne za divai nyekundu ya Hispania, kila moja imezungushiwa kipande cha kitenge. Baba alikuwa mpakiaji kwenye ghala moja huko Clairwood. Siku moja, mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia kuja Afrika Kusini, chupa kadhaa zilipasuka ndani ya kontena na kuzichafua lebo za zilizobaki. Hakuna duka lililozitaka, msimamizi akawaambia wafanyakazi wachukue. Wenzake walikunywa zao wiki ileile. Baba alizileta nyumbani, akazilaza, akatangaza kwamba hazitaguswa mpaka siku ya mahari ya dada yangu Furaha.

Kabla ya vita baba alikuwa mhudumu wa hoteli huko Lubumbashi, na aliwaona wazungu wakilipia chupa yenye vumbi pesa nyingi kuliko chupa mpya. Kutokana na hilo alijenga imani nzima: divai ikilala inapanda cheo. "Subira yavuta heri," alisema kila tulipomwomba nafasi ya kuweka viatu chini ya kitanda. Tatizo lake lilikuwa pua. Tulipofika Durban alifanya kazi miaka mitatu kwenye kiwanda cha rangi huko Jacobs, akichanganya dawa bila kitambaa cha kuziba uso, na alipotoka hakusikia tena harufu yoyote, hata ya wali unaoungua. Ulimi wake ulimwambia kuna uchachu au utamu, basi. Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa Desemba, alifungua chupa moja na kuniita. "Mimi ulimi, wewe pua," alisema. Sikuruhusiwa kunywa hata tone. Nilifumba macho, nikaingiza pua ndani ya glasi, nikasema nilichokuta. Mwaka wa kwanza, nikiwa na miaka minane, nilikuta zambarau zilizoiva, penseli iliyotoka kuchongwa, na moshi wa mbali. Baba alinisikiliza kama watu wanavyomsikiliza daktari, halafu akanywa polepole akizitafuta zambarau zangu mdomoni mwake. Sidhani kama kuna mtu ameniamini hivyo tena, na nimesoma mpaka chuo kikuu.

Kiangazi ninachokizungumzia kilikuwa mwaka 2013. Joto la Durban liliingia ukutani na kukaa humo, na ukuta wa kichwani mwa kitanda ulikuwa pia ukuta wa jiko la jirani aliyekaanga maandazi tangu alfajiri. Wiki mbili kabla ya mahari, baba alifungua chupa ya majaribio. Nilinusa mara moja, nikatoa pua. Zambarau hazikuwepo. Kulikuwa na zabibu zilizochemshwa mpaka zikachoka, boksi lililonyeshewa, na juu ya yote siki.

"Iko muzuri?" aliuliza.

"Hapana, Papa. Inanuka siki."

Alionja. "Ni ukali kidogo tu. Nusa tena."

Nilinusa tena, nikasema lilelile. Mama, aliyekuwa akipanga samaki, hakuinua kichwa. "Papa Furaha, tununue Fanta tu. Mutoto amesema."

"Fanta? Minaambia kanisa muzima nimechunga divai miaka ine, leo niwape wakwe Fanta? Eish! Pua yake imepata mafua."

Sikuwa na mafua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na jambo moja tu nililolijua kuliko watu wazima wa nyumba ile, na nililisema mara mbili.

Siku ya mahari sebule ilijaa. Upande wa bwana harusi waliongozwa na baba yake mkubwa, mtu mnene mcheshi mwenye saluni ya wanaume mjini. Baba alimimina divai mwenyewe, kitambaa kikiwa mkononi kama zamani za hoteli, na akahutubia kuhusu subira. Furaha alikaa kwenye kochi amevaa vitenge vya mama. Yule mzee alipiga funda moja, akakunja uso, akaitazama glasi kwenye mwanga.

"Shemeji," alisema, "hii saladi ya siki umeitoa majani?"

Wanaume walipasuka kwa vicheko. Mwingine akadakia, "Muache, anatupima kama tunapenda binti yake kweli!" Mama mmoja alitema kwenye leso. Baba alisimama katikati na chupa yake, na niliona macho yake yakizunguka chumba, yakitafuta pa kutua. Yakatua kwangu, mlangoni, nikiwa na sinia la glasi.

"Ni huyu mutoto," alisema. "Mimi sina pua, munajua. Yeye ndiye ananusaka. Juma mbili zimepita alinusa, akaniambia iko muzuri."

"Papa, nilikuambia..."

"Nyamaza. Wakubwa wanaongea."

Nilimtazama mama. Alikuwa amesikia kila neno siku ile, na sasa alikuwa akiweka vijiko sawa ambavyo tayari vilikuwa sawa. Furaha alinitupia jicho ambalo lilichukua miaka kupoa. Halafu likaja jambo lililoniumiza zaidi: yule mzee akanivuta karibu, akanipigapiga kichwani. "Musimukasirikie. Ni mutoto tu." Wote wakakubali. Nilisamehewa mbele ya watu arobaini kwa kosa la mtu mwingine, na huwezi kuukataa msamaha ukiwa na miaka kumi na miwili. Fanta zilinunuliwa, mahari ikapokelewa, watu wakacheza. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimevaa gauni alilonichagulia baba.

Nilisoma kemia, labda kwa hasira. Chuoni nilijifunza kwamba divai nyingi za bei nafuu kama zile hutengenezwa zinywewe mapema, na kwamba joto la ukuta ule lingeharibu hata iliyo bora. Muda haupandishi cheo kila kitu; vingine huviozesha tu, taratibu. Ujinga wa baba niliusamehe ndani ya mhadhara mmoja. Ile sentensi yake ya siku ya mahari sijaisamehe, na hajawahi kuitaja. Siku hizi nabisha na kila mtu: wahadhiri, wachungaji, wanasiasa, maandishi ya kwenye lebo. Watu husema nina kiburi. Ukweli ni kwamba nataka niulizwe tena swali na mtu atakayelibeba jibu langu hadharani.

Krismasi iliyopita wakwe walikuja kula. Baba, mwenye mvi sasa, alifungua chupa, akamimina kidogo, akanisogezea glasi mbele ya wote. "Binti yangu ana pua," aliwaambia kwa fahari, bila kupepesa. "Neema, iko muzuri?"

Nilinusa. Kizibo kilikuwa kimeoza, na divai pamoja nacho. Meza nzima ilinitazama.

"Iko muzuri, Papa," nilisema, nikamwacha awamiminie wageni. Safari hii, angalau, kosa lilikuwa langu.