Koo la Utando wa Mbuta

Fundi wa redio wa kijiji cha Kisegi, kando ya ziwa, alikuwa na mikono mizito, lakini akishika wembe aliparua kifuko cha hewa cha mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, mpaka utando wake ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Aliuwamba kwenye kipande cha pampu ya baiskeli, akapuliza, akatega sikio. "Bado," akaguna, akautupa kwenye debe. Alikuwa akimtengenezea Linet koo jipya, tangu upasuaji ulipomwondolea sauti aliyokuwa akiongozea kwaya ya Wasabato. Linet, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mkabala na kibanda cha fundi, alikuwa ameona debe hilo likijaa mara mbili. Siku ya Sabato fundi hakugusa wembe. Alikaa kanisani, vidole viwili kooni mwake, akipima namna nyama inavyotetemeka watu wakiimba.

Jumapili moja Linet alilibana koo hilo kwenye tundu la upasuaji shingoni, akapumua, nalo likaimba kwa sauti nyororo kuliko yake ya zamani. Wateja wakasogea. "Mama, sauti imerudi," mmoja akasema. Linet akacheka kwa furaha, mabega yakitikisika bila mlio wowote. Fundi alimtazama mpaka akamaliza, kisha akauchana ule utando.

"Sauti hii haijui kucheka," akasema, akachukua utando mwingine.