Rudisha Pale Nilikohoa

Kabla hujanicheka, ujue unamcheka mtu mwenye diploma. Diploma ya umeme. Niliipata Lilongwe, kwa Kiingereza, mimi niliyeingia Malawi nikijua neno moja tu, zikomo, yaani asante. Darasa zima mkimbizi nilikuwa peke yangu, na siku ya matokeo hawakulitafuta jina langu chini ya karatasi. Leo nimerudi kwetu Uvira, Kongo. Nyumba ya matofali ya kuchoma nimeijenga mwenyewe, waya zake nimezivuta mwenyewe, na ukisikia harusi yenye sauti safi upande huu wa mji, uliza vyombo ni vya nani.

Nayasema haya ili ujue kwamba mimi si mtu wa kuona mizimu. Aliyesoma umeme anajua sauti inatoka wapi: betri, waya, amplifaya, spika. Kata kimoja, ni kimya. Basi baada ya kunisikiliza uniambie wewe, nilichokisikia kanisani Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi kule Malawi, saa tisa mchana, jua likiwaka, kilitoka wapi?

Marehemu mwenye kisa hiki tulimwita Yaya Zabuloni. Kwetu Kivu yaya ni kaka mkubwa, naye alikuwa kaka wa vijana wote wa kambi. Alitoka Bukavu. Yeye ndiye wa kwanza kutia roki katika nyimbo za Yesu pale Dzaleka. Kabla yake kwaya zetu zilikuwa na ngoma na kinanda kile chenye midundo ya kujipiga chenyewe. Zabuloni akaja na gitaa la umeme, akalipitisha ndani ya redio kuukuu aliyoipasua tumbo, na sauti ikatoka imechanika, kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Jumapili ya kwanza wazee wa kanisa walimtoa nje. Akapigia nje, amegemea ukuta. Vijana wakatoka mmoja mmoja mpaka mhubiri akabaki na wazee na viti vitupu.

Katika waliobaki ndani alikuwamo mama yake. Alikuwa shemasi, anakaa kiti cha mbele. Alisimama akasema mbele ya wote, "Huyu haiko mutoto wangu mpaka aache hii makelele." Zabuloni hakuacha, na mama hakulegea. Miaka ikapita, wanakaa kambi moja, vijia viwili kati yao, wanaamkiana kama majirani.

Vijana waliompenda walijiita Batoto ba Radi, watoto wa radi. Walivaa mashati meusi yaliyoshonwa na Furaha, fundi cherehani, msichana mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Na fundi wa sauti alikuwa nani? Mimi. Nilipomaliza masomo nilipanga chumba mtaa wa Area 18, mle mle Lilongwe, nikafunika kuta kwa magodoro na trei za mayai, nikanunua kompyuta. Studio. Wengi walikuja kurekodi, lakini niliyemngoja ni Zabuloni.

Alikuja kifua kikiwa tayari kimeharibika. Alikaa kwenye kigoda, gitaa pajani, akakohoa kwa muda mrefu. Kisha, kabla ya kupiga, akasogea kwenye maikrofoni akasema polepole, kwa Kiswahili chetu cha Kivu ambamo "njo" ni "ndiye", "Maman, njo miye. Sikuacha kuimba, lakini na weye sikukuacha. Kama unasikia hii, unibariki." Akakohoa tena. Halafu akaimba, na sijawahi kumsikia akiimba vile. Wiki mbili baadaye alifariki hospitalini, huko huko Lilongwe.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Jioni ile ya habari za kifo nilikaa mbele ya kompyuta. Niliwaza hivi: wimbo huu wa mwisho Batoto ba Radi wote watausikia, na watauliza nani aliurekodi. Niwape vikohozi? Mtu wa diploma? Nikakata. Kikohozi cha kwanza, maneno, kikohozi cha pili, mpaka mlio wa kwanza wa gitaa. Maneno kwa mama yake yalikuwa katikati, yakaenda pamoja. Nilijiambia ni mambo ya nyumbani, hayahusu wimbo. Nikafuta vipande vyote kabisa, visipatikane tena. Na wimbo ukawa safi, niamini, safi kama maji ya chupa.

Kesho yake nilipakia vyombo kwenye matola, zile pikapu zinazobeba watu na magunia, nikaenda Dzaleka. Kambi ilikuwa imeinama. Mashati meusi kila kona. Waliolia hawakuwa Wakongo peke yao: Warundi, Wanyarwanda, hata Wamalawi wa vijiji vya karibu. Dereva mmoja wa kabaza, teksi ya baiskeli, alikuwa amefunga kitambaa cheusi kwenye usukani wa baiskeli yake, akiwabeba wafiwa bure. Wavulana waliokuwa wakiruka mbele ya jukwaa mpaka vumbi linafunika mwezi, sasa walikaa chini wamekumbatia magoti. Mmoja akianza kuimba, ubeti wa pili unamshinda.

Furaha alinipokea macho yamevimba, lakini ulimi ulikuwa haujavimba.

"Enjinia amefika! Mi nilizania diploma haipandake matola."

"Inapanda ikiwa na kazi," nikasema.

"Wimbo iko?"

"Iko. Mutalia mpaka kesho."

"Kulia tunajua. Kamata hii meza."

Kwenye meza ile, mbele ya kanisa, lililazwa gitaa la Zabuloni. Furaha alikuwa amelegeza nyuzi zote sita. Hiyo ndiyo desturi ya bendi zetu za kambini: mpigaji akifa, nyuzi za gitaa lake zinalegezwa, wala haziguswi mpaka azikwe, kisha mrithi wake ndiye anazikaza. Zilikuwa zimelala juu ya mbao kama kamba za nguo zilizokatika. Huwezi kupata sauti yoyote pale. Kumbuka hilo.

Wazee wa kanisa lile lile lililomfukuza walikubali jeneza liingie. Lakini lilibaki jambo moja kubwa. Kwetu, mzazi aliyekosana na mwanawe huweka mkono juu ya jeneza na kusema "nimekuachilia." Asiposema, mtoto anazikwa na kinyongo cha mzazi, na watu wanaogopa mazishi ya namna hiyo. Mama Zabuloni alikuwa hajasema kama atakuja au hatakuja.

Alinifuata nikishusha spika. Mwanamke mfupi, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Mutoto wangu, weye njo ulimurekodi?"

"Ndiyo, Maman."

"Siku ya mwisho?"

"Ndiyo."

"Hakuniachia neno?"

Ungesema nini wewe? Ungesema kweli, najua, kila mtu ni mkweli katika kisa cha mwenzake. Mimi niliwaza aibu, niliwaza Furaha na ulimi wake, niliwaza jina langu. Nikasema, "Hapana, Maman. Aliimba tu."

Akanitazama. "Basi. Mupige wimbo yenu. Mi nitakaa inje. Na ku kaburi siendi."

Akatoka, akaketi kwenye benchi nje, amegemea ukuta. Ukuta ule ule.

Yapata saa tisa habari ikaja kwamba gari la maiti limekaribia. Kambi nzima ikakimbilia njia panda kulipokea, na Furaha mbele. Kanisani nilibaki peke yangu. Betri ilikuwa bado kwenye toroli mlangoni. Waya wa amplifaya ulikuwa ndani ya mfuko wangu, umekunjwa, nao mfuko begani kwangu. Spika zilikuwa masanduku tu. Nilikuwa nimechuchumaa nikimenya waya mwingine kwa kisu.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Sikushtuka kwa sababu ya kikohozi. Kambini kila mtu anakohoa vumbi. Nilishtuka kwa sababu ya jinsi kilivyosikika. Lile kanisa ni mabati na sakafu ya saruji. Ukiangusha sarafu inarudi masikioni mara tatu. Kikohozi hiki hakikurudi. Kilikuwa kikavu, kimefungwa, kama kimekoholewa ndani ya chumba chenye magodoro ukutani. Mimi nakijua chumba hicho. Mimi ndiye niliyeyapigilia magodoro yale.

Niligeuka. Mwanamume aliketi juu ya spika, mgongo kwangu, shati jeusi. Nilidhani ni mmoja wa vijana. Nikasema, "Weye, toka juu ya chombo." Alinyoosha mkono mezani akachukua gitaa.

"Usiguse! Nyuzi hazijakazwa!"

Akapiga.

Ile sauti iliyochanika. Bati juu ya mawe. Ilitoka kwenye spika aliyokalia, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona kitambaa cha mbele cha spika kikitetemeka. Nilishika mfuko wangu: waya upo. Nilitazama mlangoni: betri ipo kwenye toroli. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia vidoleni mwake kama minyoo. Niambie sasa, sauti ilitoka wapi?

Alipiga mwanzo wa wimbo, akaacha. Akapiga tena mwanzo, akaacha pale pale. Kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake gizani. Mara ya tatu akasema, bila kugeuka, "Enjinia. Rudisha pale nilikohoa."

Nilisema, "Haiko. Niliifuta."

"Ile kitu haifutikake. Iko kwako."

"Yaya, haki ya Mungu, niliifuta!"

"Maman iko inje," akasema.

Hapo nikaanza kukohoa. Mimi sivuti sigara, kifua changu ni cha mtu aliyebeba simenti. Lakini kikohozi kile hakikuwa changu. Kilipanda kutoka mahali nisipopajua, kirefu, kikavu, na masikio yangu ya kazi yalikitambua sekunde kwa sekunde, kwa sababu nilikuwa nimekitazama kwenye kompyuta nikitafuta mahali pa kukata. Nilifumba macho kwa maumivu. Nilipofumbua, juu ya spika hapakuwa na mtu. Niliigusa. Ilikuwa ya vuguvugu. Gitaa lilikuwa mezani, nyuzi zote sita zimekazwa.

Nilitoka nikijishika ukuta. Mama alikuwa bado kwenye benchi. Kwa mbali ilisikika sauti ya Batoto ba Radi wakija na jeneza, wakiimba, vumbi limesimama juu yao.

"Maman, nilikudanganya," nikasema.

Nilitaka kumweleza kwa utaratibu, kama msomi. Sikuweza. Kikohozi kilinikamata kwanza. Kilipomalizika maneno yalitoka yenyewe, kwa mpangilio wake: "Maman, njo miye. Sikuacha kuimba, lakini na weye sikukuacha. Kama unasikia hii, unibariki." Kisha kikohozi cha pili. Halafu kifua changu kikawa changu tena.

Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Ile kikohozi," akasema. "Njo yake. Tangu mutoto, kila mvua. Nilikuwa namupakaa mafuta hapa." Akajigusa kifuani.

Nikamwambia yote. Kompyuta, nilivyokata, jina langu. Akasimama. Akanizaba kofi moja ambalo diploma yangu yote haikunikinga. Kisha akanishika mkono ule ule niliokatia, akasema, "Twende. Asinikute nimeikala ku benchi."

Jeneza lilipofika mlangoni alikuwa amesimama mbele. Watu waliogopa atasema nini. Aliweka mikono miwili juu ya mbao. "Zabuloni, nimekuachilia. Na weye uniachilie." Sijui kama umewahi kusikia mamia ya vijana wakilia kwa pamoja. Hakuna spika inayoweza kubeba kitu kile.

Ni Furaha aliyeona gitaa. "Nani amekaza hizi nyuzi? Enjinia, ni weye?" Nikamwambia si mimi, nikamwambia na mengine. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Hakucheka.

"Diploma yako ilikufundisha kukata," akasema. "Kushona haikukufundisha."

Wimbo niliupiga siku ile, baada ya kuunganisha betri, mbele ya mama aliyeketi ndani. Ule safi, niliousafisha mwenyewe. Ulianza kwa kikohozi. Watu wa Dzaleka waliokuwepo watakuambia. Maneno hayakurudi, maneno yale mama aliyapata kutoka kinywani mwangu tu, na kwa hilo sitajisamehe. Lakini kikohozi kilirudi, kikavu, bila mwangwi, chini ya mabati.

Na hakijaondoka. Nimebadilisha maikrofoni, nimebadilisha kompyuta mara tatu, nimebadilisha nchi. Kila ninachorekodi hapa Uvira, kwaya, mahubiri, tangazo la sabuni, kinaanza hivyo. Bibi harusi mmoja alinirudishia kazi yake akiuliza, "Fundi, nani huyu anakohoa?" Nilimjibu ni mkubwa wangu kazini. Vifaa vya kukikata ninavyo, na najua kukata kuliko yeyote katika mji huu. Sikikati.

Wewe unayenisikiliza, labda kwenye simu yako kuna sauti ya mtu aliyeondoka. Ina kelele za kuku, ina kikohozi, ina mtu anaita mtoto kwa nyuma. Iache hivyo hivyo. Na kama umeshakata, usingoje giza ndipo uogope. Mtafute aliyetumiwa maneno yale, leo, jua likiwa bado juu, umwambie kwa mdomo wako, kabla mwenyewe hajaja kuyadai.