Orodha ya Zamani kwenye Kompyuta ya Enesi

Enesi hajui kukaa. Huu ni mwaka wa sita tunagawana fremu moja ya duka hapa Tunduma, mimi na cherehani yangu mlangoni, yeye na steshenari yake kwa ndani, na sijawahi kumwona amemaliza chai akiwa kwenye kiti. Atainuka apange kalamu, atoke nje aangalie foleni ya malori, arudi ashike simu, aiweke, aishike tena. Akipita nyuma yangu mara ya kumi namwambia wazi kwamba ananichosha.

Kinachomkosesha raha zaidi ni bando. Kompyuta yake inapata mtandao kutoka kwenye simu, na simu zetu za huku mpakani hazina uaminifu. Ukigeuka kidogo tu zinarukia mnara wa Zambia, bando linagoma na salio linaliwa. Ndiyo maana alikipenda mno kile alichoonyeshwa na fundi aliyemuuzia kompyuta. Kila ukurasa unaofunguliwa huacha nakala yake humo ndani, kwenye kashe. Fundi akamtegeshea kompyuta iwe inatoa ile nakala kwanza badala ya kwenda kuutafuta ukurasa upya mtandaoni. Kurasa za vyuo, za ajira, za vitambulisho, zote zikawa zinafunguka papo hapo. Wenzake wanafuta kashe kila jioni. Yeye aliitunza kama ghala la mahindi, na akisikia neno kufuta anakunja uso.

Basi akaanza kuja Christina, binti wa mzee Makene, mfugaji wa kule Ivuna. Alikuwa ameomba chuo cha uuguzi kwa mara ya pili, na fomu alijaziwa na Enesi mwenyewe. Awamu ya kwanza jina lake halikutoka. Akabaki anasubiri awamu ya pili, na baba yake alishamwambia kuwa hiyo ndiyo ya mwisho; ikishindikana abaki nyumbani kwenye kazi ya chumvi na ng'ombe kama wengine. Alikuja mara tatu ndani ya wiki mbili, vumbi hadi kwenye kope. Kila mara Enesi alifungua orodha, akatafuta jina la Makene, akakosa.

"Halipo, mwanangu," alimwambia ile mara ya tatu.

Christina alishukuru, akaaga. Alipofika hapa kando ya cherehani alisimama kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Siku tano baadaye, saa saba na nusu mchana, akaja Danford, wakala wa forodha. Alikuwa amepigiwa simu kwamba mzigo wake umeruhusiwa, lakini kwenye kompyuta ya Enesi ulionekana bado umezuiwa. Danford akacheka, akauliza kashe ilifutwa lini. Kabla hajajibiwa akavuta kibodi, akafuta yote. Ukurasa ukaja na habari za siku hiyo, akachapisha karatasi yake, akaondoka.

Enesi alilalamika mpaka nikasimamisha cherehani. Halafu, kwa kuwa hawezi kutulia, akaanza kuzifungua upya zile kurasa ambazo wateja huziulizia, moja moja, ili ghala lake lijae tena. Ukurasa wa vyuo ulichukua dakika nzima kufunguka. Kisha nikasikia kimya, na kwa Enesi kimya ni jambo la kutisha. Nikageuka.

"Mama Faith," aliniita, "hii ni awamu ya pili."

Orodha ilikuwa nyingine kabisa. Juu ilikuwa na tarehe ya siku kumi na mbili nyuma, maana yake katika zile mara tatu alizokuja Christina, mbili jina lilikuwa limeshatoka. Alikuwa namba kumi na tisa. Chini waliandika kwa herufi nyekundu kuwa asiyethibitisha kufikia tarehe kumi na nne, saa kumi na mbili jioni, nafasi yake atapewa mwingine. Tarehe kumi na nne ilikuwa siku hiyohiyo.

Kuthibitisha kunahitaji namba sita zinazotumwa kwenye simu ya mwombaji. Simu ya Christina haikupatikana. Enesi akapekua mafaili, akaitoa fomu, akampigia baba yake. Makene alipokea akiwa machungani, akasema binti yuko kwenye chumvi, mbali, na simu yake imekwisha chaji.

"Tafuta pikipiki, mzee wangu, umfuate," Enesi alimwambia. "Chomoa laini yake uiweke kwenye simu yako. Nakuomba sana."

Ikapita saa tisa, ikapita saa kumi. Enesi aliwarudisha wateja wote. Alizunguka humo ndani, akiomba umeme usikatike, na simu akaining'iniza dirishani, upande ambao hairukii Zambia. Roho yangu nayo ilikuwa juu. Nilishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Aliniambia kwamba kosa si la kompyuta, ni la uchoyo wake, na sikumbishia.

Saa kumi na moja na dakika arobaini Christina akapiga, anahema. Akasoma namba mara mbili. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, mpaka ukasema imethibitishwa. Enesi hakuamini. Akafuta kashe kwa mkono wake mwenyewe, akafungua tena, ikasema vilevile. Ndipo akakaa.

Wiki iliyofuata Christina alikuja kuchapisha barua ya kujiunga na chuo. Alimletea Enesi mfuko wa chumvi ya Ivuna, shukrani kutoka kwa baba yake. Enesi hakuupokea. Alimweleza yote, ya bando na ya kashe, bila kujitetea.

Christina aliikunja barua yake. "Ile mara ya tatu," alisema, "nilifika nyumbani nikachoma madaftari yangu yote. Ya sayansi, tangu kidato cha kwanza."

Hakupaza sauti, na naona afadhali angepaza. Enesi akageukia rafu, akashusha madaftari makubwa manane, akayaweka mezani. Christina alichukua matatu, akasema mengine ni mzigo. Chumvi akaiacha palepale.

Siku hizi Enesi anafuta kashe kila mteja anapotoka. Bando halimalizi wiki, anapiga kelele, lakini anafuta. Ule mfuko wa chumvi uko juu ya rafu, haujafunguliwa. Juzi nilimwomba kijiko kimoja tu cha kutia kwenye mboga ya mchana, akaninyima.