Verlene Stallworth na Bwawa Lililofukiwa

Verlene Stallworth alifikisha futi sita akiwa na miaka kumi na tano, na mji wa Hollis Ferry, kule Mississippi, ukajipa kazi ya kumkumbusha.

"Wee Verlene, huko juu mvua imeanza?" vijana walimuuliza kila alipopita mbele ya duka la kinyozi.

"Imeanza. Ninyi wafupi itawafikia kesho."

Alipoingia timu ya mpira wa kikapu ya shule, midomo ilifungwa. Msimu wa tatu alifunga pointi arobaini na moja katika mchezo mmoja, na hapo maajabu yakaanza. Wazungu waliowahamishia watoto wao shule ya kulipia mara mahakama ilipoamuru weusi na weupe wasome pamoja, sasa walikuja kila Ijumaa, wakakaa viti vya mbele na kumwita "binti yetu". Meya, Bwana Peevey, ambaye miaka yote alimwita bibi yake Verlene "Ozella" kavukavu, alianza kumwamkia "Bi Stallworth" na kuvua kofia.

"Kofia kaivua," alisema Bi Ozella akigeuza kambare kwenye kikaango. "Tusubiri tuone kama chini yake mna kitu."

Mwaka 1975 timu ilitwaa ubingwa wa jimbo. Meya akamkabidhi Verlene, mbele ya umati, ufunguo wa mbao uliopakwa rangi ya dhahabu.

"Huu unafungua kila mlango wa mji wetu," alisema. "Omba lolote, binti yetu."

Kocha Mims alikuwa amemwonya mapema: sema asante, kaa chini. Verlene hakukaa.

"Naomba bwawa la kuogelea lifukuliwe."

Watu wakatazama viatu vyao. Bwawa hilo lilijazwa udongo wiki ileile weusi waliporuhusiwa kuogelea humo, likapandwa nyasi, likawekewa benchi, na hapo ndipo sherehe ilipokuwa ikifanyika.

"Bwawa lipi?" aliuliza meya.

"Hilo mnalolikalia."

Meya akacheka, akapiga makofi peke yake, akatangaza kamati ya watu saba ya kulitafakari ombi hilo.

Verlene akaenda chuoni Jackson, akacheza miaka minne, akapata shahada. Timu moja ya ligi ya kulipwa ya wanawake ilimwita, kisha ikafa kabla hajafungua begi. Akarudi nyumbani kufundisha hesabu na timu ya wasichana, akaomba nafasi kwenye kamati. Alipewa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitaka. Muhtasari wa mikutano yote ulijaa ukurasa mmoja: wajumbe walikunywa chai ya barafu, wakakubaliana kukutana tena.

Hakugombana na mtu. Mjumbe mzee akifariki, Verlene alipeleka keki msibani, na juma lililofuata akapeleka jina la mchezaji wake wa zamani kujaza nafasi.

"Mjukuu wangu," Bi Ozella alimwambia, "watu wataanza kuziogopa keki zako."

"Waache waogope, Bibi. Nahitaji kura mbili zaidi tu."

Kufikia mwaka 1988, wanne kati ya saba walikuwa wachezaji wake wa zamani, naye wa tano. Kura zikapigwa, tano kwa mbili, na matrekta yakaingia.

Siku ya ufunguzi, Bwana Peevey, mstaafu sasa, alieleza kwa nusu saa jinsi wazo hilo lilivyomjia yeye. Verlene alimwacha amalize. Maji yalikuwepo, na maji hayaulizi nani alisema kwanza. Kisha umati ukamtaka bingwa apige mbizi.

Alimwinamia bibi yake aliyekaa kitini. "Bibi, mimi sijui kuogelea."

"Ungejulia wapi? Benchini?" alisema Bi Ozella. "Shukia kule wanakoshukia watoto."

Akashuka ngazi polepole, mkono kwenye chuma, huku wale vijana wa kinyozini, sasa watu wazima, wakimcheka, kwa maana maji yaliyowafika watoto shingoni, yeye yalimwishia mapajani. Akapiga magoti ili yampate mabegani. Alikaa humo hadi ngozi ya vidole ikakunjamana, na hata Kocha Mims alipomwita kula, hakutoka.