Walisema Nimetulia

Harufu ya mdalasini ilitangulia kuingia kwetu, Bibi akafuata. Alikuwa mama mzaa mama, akilima milimani juu ya Mkuyuni, na kila aliposhuka Morogoro mjini na mafurushi yake ya sokoni, nyumba ilinukia mpaka uani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa: mitumba imejaa, sabuni haipangiwi foleni tena, na maduka ya dawa ya watu binafsi yanachipuka mitaani. Bibi hakujali hayo. Zaidi ya biashara, kilichomleta ni kunitania. Kwa desturi yetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, kwa hiyo mimi na Bibi tulikuwa wake wenza, na wake wenza hawaachiani neno. Shikamoo ilitangulia, heshima ni heshima. Kisha angeniuliza kama nimeshajua kupika ugali usiomkaba mume wetu, nami ningemjibu kuwa aliyeishiwa meno asisingizie ugali.

Nilipokuwa darasa la sita nikaugua ugonjwa usio na homa. Kuna wiki nilisema bila kituo, silali, nagawa viatu vyangu kwa watoto wa jirani, na siku moja nilipanda juu ya bati kuwahubiria wapita njia. Wiki nyingine niligeukia ukutani, siogi, sili, nalia nisijue ninalolilia. Majirani walisema nina mashetani. Wengine walisema ni deko. Mama alikuwa mwalimu na hakupenda kufichaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema, akanishika mkono mpaka hospitali. Daktari, kijana mpole, akaniandikia vidonge, navyo vikanipunguza kama utambi wa taa. Nililala mchana kutwa, mate yakinitoka, shingo imekakamaa. Lakini sikupanda tena juu ya bati. Kila aliyepita alimpongeza Mama kwamba mtoto ametulia, na Mama akapata usingizi baada ya miezi mingi. Simlaumu hata kidogo.

Ndipo Bibi akaja. "Mke mwenzangu," akaanza, "mume wetu kasema ukizidi uvivu atakurudisha kwenu."

"Ndiyo, Bibi," nikajibu.

Akanitazama. Akanitupia la pili, lile la ugali. "Sawa, Bibi." Akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Huyu hajatulia, mwanangu," akamwambia Mama. "Huyu hayupo."

Mama akaanza kulia. "Mama, tumehangaika mno. Wakibadilisha dawa akarudi kule juu ya bati, akaanguka, itakuwaje?"

Bibi alijua tu kwamba kwetu mjukuu asiyejibu utani ama amenuna ama anaumwa, na mimi sikuwa nimenuna. Nilisikia yote na nilitamani kumjibu, lakini maneno yalikaa mbali, sikuweza kuyafikia.

Kesho yake tukaenda hospitali watatu. Bibi akamweleza daktari habari za wake wenza. Muuguzi akacheka, daktari hakucheka. Siku zote alikuwa akiuliza kama ninalala, kama ninakula, kama ninasumbua. "Hilo sikuliuliza, Bibi," akasema. Bibi akachangamka, akashauri vidonge vyote vitupwe, ninywe mizizi yake. "Hapo hapana, Bibi. Tunabadilisha, hatutupi." Akaipunguza dawa ile ya kwanza taratibu na kuanzisha nyingine. Mama alipoona jina lake akashtuka, akasema hiyo ni ya wenye kifafa na mwanawe haanguki. Akaelezwa kwamba huwasaidia pia wale ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita kiasi. Hospitalini ilikuwa imekwisha, tukaipata kwenye duka jipya karibu na Msamvu. Nikaanza na nusu kidonge, kisha kizima, kisha zaidi. Nilipata kizunguzungu, na kuna wiki nilianza tena kusema sana, Mama akaificha ngazi chumbani kwake.

Bibi aliporudi nilikuwa uani nachambua mchele. Akasema mume wetu anatafuta mke wa tatu, sisi wawili tumemchosha. "Aoe tu," nikamjibu kabla sijafikiri. "Huyo atakuja kukuogesha wewe, mimi bado nina nguvu zangu." Bibi akapiga kigelegele. Mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani nimeanza tena. Akanikuta nimekaa kwenye kigoda, nacheka, na mchele umo wote kwenye ungo. Akaketi palepale chini, akacheka mpaka akalia. Sijawahi kumwona mtu ametua mzigo kama alivyoutua Mama siku ile.

Sasa mimi ni mtu mzima na bado nakunywa dawa. Siku hizi maduka ya dawa yapo kila kona ya mji, na ugonjwa wangu unatajwa redioni bila kunong'onwa. Hayo ni mema, siyatamani ya zamani. Ila watoto wanaosifiwa kwa ukimya hawajapungua. Nami nimekuwa mwalimu, kama Mama. Mzazi akija kuniambia kwamba mwanawe ameanza dawa na sasa ametulia, nampa pole, nampa hongera, kisha namuuliza kama anacheka.