Mkebe wa Udi

Juzi, kwenye duka la dawa mjini Malindi, nilimwona mwanamke akitia vidonge vya kupanga uzazi ndani ya pakiti ya udi, nikakumbuka chumba cha mama.

Mama alivificha vyake katika mkebe wa udi, vikanukia kama nguo za sikukuu. Mimi nilidhani ana maradhi ya kufa, anatuficha.

Alasiri moja nilimlilia bibi mzaa baba, aliyezaa kumi na mmoja na kushikilia kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Alikuwa akikuna nazi nilipomtajia vidonge vya mkebeni. Mkono ukasimama.

“Mamako hafi, mjukuu wangu,” akasema. “Lakini mwambie avihamishe sasa hivi. Kesho ni Ijumaa, na babako atautaka udi.”