Raia, Nyuma!

Mama Wembe alinyoa vichwa nje ya geti la kambi ya jeshi miaka nenda miaka rudi, na kila alipokisogeza kiti chake kwenye kivuli cha ukuta, sajenti wa getini alimfokea: "Raia, nyuma!" Neno raia alilitema kama kokwa. Mama Wembe alirudi juani akimtukana kimoyomoyo, ukoo mzima, bila kumruka hata shangazi.

Kambi ikafungwa, majengo yakagawiwa wafanyabiashara na vikundi vya mtaani. Bwalo la maofisa likawa ukumbi wa harusi, ghala la silaha likawa duka la magodoro. Mama Wembe alipoulizwa anataka chumba gani, hakupepesa macho: "Kile cha mlinzi, pale getini."

Jumamosi moja mzee mwenye kitambi aliipita foleni yote, akaingia kifua mbele.

"Mama, ninyoe haraka. Mimi ni sajenti mstaafu."

Sauti ilikuwa ile ile. Mama Wembe akazima mashine, akamtazama toka utosini hadi unyayoni.

"Mstaafu ni mwanajeshi au raia?"

Mzee akajikuna kidevu. "Ni... raia."

"Haya. Raia, nyuma!"